Mchezo Una Marudiano

[Muziki wa kipindi unasikika, kisha unashuka taratibu]

MTANGAZAJI: Mzungumzaji wetu ni Mkongomani aliyeishi miaka mingi katika kambi moja mkoani Kigoma, Tanzania, kabla ya kupelekwa nchi ya tatu. Sasa anakaa Durham, katika jimbo la North Carolina, Marekani, na anafanya kazi ya kufua mashuka hospitalini. Ni shabiki mkubwa wa mpira wa kikapu, au basketi kama wengi wetu tunavyouita. Tumemwomba atusimulie mechi moja tu. Kwa ombi lake mwenyewe hatutataja jina lake. Karibu, ndugu.

[Muziki unakoma]

MZUNGUMZAJI: Asante sana. Wazee wangu shikamoni, vijana hamjambo. Nawasalimu wote mlioko kambini, na nawasalimu mlioingia juzi ambao bado hamjazoea vumbi la hapo.

Najua kuna mtu atauliza: watu wanakufa, ndege zimesimamishwa, chakula kimepunguzwa, na huyu anatuletea habari za basketi? Ni swali la haki. Naomba mnisikilize mpaka mwisho, kisha mnihukumu.

Kwanza niwaeleze mechi yenyewe ni ya nani na nani. Hapa kuna vyuo vikuu viwili. Kimoja ni Duke, kipo hapa Durham. Kingine ni Chuo Kikuu cha North Carolina, watu wanakiita Carolina tu, kipo mji wa jirani wa Chapel Hill. Kutoka kimoja hadi kingine ni kama kilomita 16 kwa barabara. Kwa baiskeli ni safari ya saa moja. Timu za vyuo hivi zilianza kukutana mwaka 1920, na tangu hapo hawajaachana. Wote wawili wanavaa buluu! Duke wanavaa buluu iliyokolea, Carolina wanavaa samawati, rangi ya mbingu ya asubuhi. Mgeni anaweza kudhani ni timu moja iliyofua nguo zake siku tofauti. Lakini ukikosea rangi siku ya mechi, utaambiwa.

Wachezaji ni wanafunzi, si watu wazima wa ligi kubwa. Hata hivyo Michael Jordan, ambaye jina lake wengi mnalijua kutokana na fulana, alipita Carolina kabla hajawa tajiri. Na Duke walikuwa na kocha mmoja, Mike Krzyzewski, aliyekaa nao misimu 42 na kuchukua ubingwa wa nchi mara tano. Ukitaka kuelewa, fikiria Simba na Yanga, halafu weka kambi zao kwenye barabara moja, madaktari wao kwenye hospitali moja, na mashabiki wao ndani ya ndoa moja. Hapa kuna nyumba ambazo mume na mke hawatazami mechi hiyo katika chumba kimoja.

Sasa niwaambie nilivyokutana na jambo hili. Tulifika Durham mwaka 2016, wakati wa joto. Majira ya baridi yalipoingia nikapata kazi, na siku moja basi likapita karibu na uwanja wa Duke. Nikaona mahema. Mahema mengi, yamepangwa kwa mistari kwenye nyasi, na baridi ile inayouma masikio. Vijana wanatoka ndani wamejifunga mablanketi. Moyo wangu ukashtuka. Nikamuuliza mzee niliyekuwa nafanya naye kazi, Mmarekani mweusi, mzaliwa wa Durham: hawa wamekimbia kutoka wapi?

Yule mzee alicheka mpaka akatoa miwani. Akaniambia, hawa ni wanafunzi wa Duke, wako kwenye foleni ya mechi ya Carolina. Uwanja wao, Cameron, ni wa zamani, ulifunguliwa mwaka 1940, na hauingizi hata watu elfu kumi. Kwa hiyo wanafunzi wanalala kwenye mahema wiki kadhaa ili wapate kuingia. Hema moja wanaweza kujiandikisha watu mpaka 12. Usiku wa manane king'ora kinalia, wasimamizi wanapita na orodha kuhesabu watu. Hema likikosa watu wa kutosha, linaweza kupoteza nafasi yake.

Ndugu zangu, mimi niliyesimama kwenye mistari ya kuhesabiwa miaka yote ile, mtoto mgongoni na kadi ya mgao mkononi, nikakaa kimya ndani ya basi. Sikuwakasirikia. Lakini niliwaza: kumbe hema linaweza kuwa mchezo. Ukijua utatoka siku gani, hema ni mchezo. Usipojua, ni maisha.

Miaka ya kwanza sikutaka kuitazama mechi hiyo, na sababu nitawaambia. Kule kambini tulikuwa na mechi za mpira wa miguu kati ya zoni na zoni. Wenyeji wa hapo mnafahamu kwamba zoni si namba tu. Mara nyingi watu wa zoni moja wametoka sehemu moja, wana lugha moja, wana kilio kimoja. Siku moja refa alitoa penalti. Watu wakaingia uwanjani. Nyimbo za kushangilia zikageuka kuwa nyimbo nyingine, zile tulizozisikia nyumbani kabla ya kukimbia. Mdogo wangu alivunjwa mkono siku ile, na mpaka leo haunyooki. Tangu hapo, nikisikia watu wengi wakiimba kwa sauti moja, tumbo langu linakaza. Uwanja wa Cameron una kelele kuliko yote niliyowahi kusikia kwenye televisheni. Nilikuwa nazima.

Aliyeiwasha tena ni binti yangu. Aliletwa hapa akiwa na miaka saba. Shule yao ilimpeleka kutembelea Chapel Hill, akarudi na kofia ya samawati na neno moja tu mdomoni: Carolina. Mimi kwa ubishi wa mzazi, na kwa kuwa tunakaa Durham, nikasema basi mimi ni wa Duke. Nilidhani natania. Shabiki wengi huanza hivyo, kwa utani, kisha siku moja anajikuta hawezi kula kwa sababu timu imefungwa.

Sasa niwapeleke kwenye mechi yenyewe. Ilikuwa Jumamosi, tarehe 1 Februari 2025. Kwetu hapa ilikuwa jioni, kwenu ulikuwa usiku wa manane. Kumbukeni wiki ile ilikuwaje. Siku chache kabla, mji wa Goma ulikuwa umeangukia mikononi mwa M23. Simu zetu hazikulala. Na tarehe 20 Januari rais mpya wa Marekani alikuwa ametia saini amri ya kusimamisha kupokea wakimbizi. Dada yangu, ambaye yuko hapo kambini na pengine ananisikiliza, alikuwa amemaliza vipimo vya afya na kupewa tarehe ya safari. Tarehe ile ikafutwa. Alikuwa ameshagawa masufuria yake.

Kwenye jengo letu anakaa mzee mmoja wa kutoka Kivu Kusini, kama mimi. Tulikaa mlango kwa mlango miaka minne. Lakini yeye ni wa upande ule, na mimi ni wa upande huu. Sitataja kabila, la kwake wala la kwangu. Mnaonielewa mnanielewa. Tulikuwa tukisalimiana vizuri, "Jambo mzee", "Jambo ndugu", kisha kila mmoja anafunga mlango wake. Katika miaka minne hakuna aliyekunywa maji kwa mwenzake. Na wiki ile hata salamu ilikuwa imepungua.

Jioni ile televisheni yetu ikagoma. Binti yangu hakuniuliza. Alivaa kofia yake, akatoka, akagonga mlango wa pili. Namsikia anasema, "Mzee, shikamoo, tunaomba kutazama mechi kwako." Nikabaki nimesimama jikoni. Kisha nikasikia sauti ya mzee: "Mwite na baba yako."

Nilikwenda. Siwafichi, nilikwenda kwa ajili ya mtoto. Mke wa mzee akaleta chai na karanga. Tukakaa, mimi upande huu wa kiti kirefu, mzee upande ule, binti katikati yetu kama mstari wa katikati ya uwanja. Mzee akauliza, "Sisi tunashangilia nani?" Binti akamwambia, "Mimi Carolina, Papa ni Duke." Mzee akafikiri kidogo, akasema, "Basi mimi nitakuwa na baba yako."

Mpira ukarushwa juu. Basketi ya wanaume vyuoni ina vipindi viwili vya dakika 20, na kila timu ina sekunde 30 za kutupa mpira kwenye kikapu, zikiisha wananyang'anywa. Hakuna muda wa kuzurura. Wanafunzi wa Duke, wale wa mahema, wamepaka nyuso zao buluu, wamesimama pembeni kabisa mwa mstari. Mchezaji wa Carolina akitaka kurusha mpira kutoka nje, mikono ya wanafunzi iko karibu na masikio yake. Wanamzomea, wanamrukia juu juu, lakini hawavuki mstari ule. Nilianza kuuangalia mstari kuliko mpira. Tumbo langu lilikuwa limekaza, nangoja uvukwe. Haukuvukwa.

Carolina walizidiwa mapema. Duke walikuwa na Cooper Flagg, kijana wa miaka 18 tu, anayecheza kama mtu aliyeshaiona mechi hiyo jana. Alifunga pointi 21. Lakini mzee hakuwa akimtazama huyo. Aliniuliza, "Yule mrefu mweusi ni mtoto wa nani?"

Nikafurahi kwamba nilikuwa na jibu. Yule ni Khaman Maluach. Alizaliwa Sudan Kusini, akaletwa Uganda angali mdogo kwa sababu ya vita, akakulia Kampala. Ana urefu wa zaidi ya mita mbili, na alianza kucheza basketi mwaka 2019 tu, akiwa na miaka 13. Kutoka hapo alikwenda kufundishwa Senegal, na mwaka 2024 aliichezea Sudan Kusini kwenye Olimpiki ya Paris. Mzee akasikiliza yote hayo, akasema polepole, "Mkimbizi." Nikasema, "Ndiyo, mzee. Mkimbizi." Na kila Maluach alipoinua mikono mbele ya kikapu, sisi wawili tulipiga kelele pamoja. Ilikuwa mara ya kwanza sauti yangu na sauti ya mtu wa upande ule kwenda mahali pamoja.

Binti yangu aliteseka. Kila pointi tatu za Duke alificha uso kwenye kofia. Mzee akaanza kumtania: "Mwanangu, rangi hiyo ya mbingu leo ina mawingu." Waliwekeana sharti: atakayeshindwa ataosha vyombo. Mechi ikaisha Duke 87, Carolina 70. King'ora kikalia. Na hapa ndipo ninapotaka mnisikilize vizuri. Wale vijana waliokuwa wanasukumana dakika moja kabla, wakapanga mistari miwili, wakapita wakigusana mikono, mmoja mmoja, mpaka wa mwisho. Wengine walikuwa wamekunja uso. Hawakulazimika kutabasamu. Walitakiwa kupita tu na kugusana mikono.

Binti akaenda kuosha vyombo vya watu, huku ananung'unika. Mkewe mzee akamfuata jikoni, tukasikia wanacheka.

Tukabaki wawili. Mzee akatoa simu yake. Akaniambia, "Sikiliza hii." Ilikuwa sauti iliyotumwa kwenye kundi la watu wa kwao. Mtu anatukana watu wa kwetu na kusema wakati wao umefika. Damu ilinipanda kichwani. Kisha, ndugu zangu, nikakumbuka kilichokuwa ndani ya simu yangu. Asubuhi ile nilikuwa nimepokea sauti ya mtu wa kwetu, inasema hayohayo juu ya watu wa kwao. Na sikuwa nimeifuta. Nilikuwa bado sijaamua kama nitawatumia wengine.

Nikamchezea na yangu. Tukasikiliza mpaka mwisho, wote tumetazama chini. Mzee akasema, "Wanaotuma hizi hawalali kambini." Akafuta ya kwake. Nikafuta ya kwangu.

Nisiwadanganye. Hatukukumbatiana. Hatukuzungumza juu ya nani alianza, wala juu ya waliokufa, wa kwake na wa kwangu. Yeye ana mtoto wa kaka yake ambaye mpaka leo hajulikani alipo. Mimi nina makaburi ambayo sijawahi kuyaona. Mechi haikuyafuta hayo. Lakini sauti zile mbili hazikwenda mbele kupitia mikono yetu, na tangu usiku ule tunakula pamoja.

Jumatatu nilimsimulia yule mzee wa kazini. Yeye hakucheka safari hii. Akaniambia, unajua mji huu nao ulikuwa na mstari wake? Zamani sheria ya hapa iliwatenga weusi na weupe, na hawakuruhusiwa kucheza pamoja. Lakini tarehe 12 Machi 1944, siku ya Jumapili, watu wengi wakiwa kanisani, timu ya wazungu kutoka shule ya udaktari ya Duke iliendesha magari kwa njia za kuzunguka hadi chuo cha weusi hapahapa Durham. Kocha wa weusi aliitwa John McLendon. Milango ikafungwa kwa ufunguo. Wakacheza. Vijana wa McLendon wakashinda 88 kwa 44. Lakini hawakuishia hapo. Wakachanganyika, weusi na weupe katika kila timu, wakacheza mechi ya pili. Kisha wakanyamaza, kwa sababu ingejulikana wangeumizwa. Siri hiyo haikutoka gazetini mpaka zaidi ya miaka 50 baadaye. Mzee wa kazini akaniambia: mchezo ule haukubadilisha sheria, sheria ilichukua miaka mingine ishirini. Lakini wale vijana walijua tayari kwamba inawezekana.

Sasa nirudi kwenu, hasa ninyi vijana mnaopanga mechi kambini. Siwaambii msishindane. Shindaneni! Mtaniane, mpake rangi, mtunge nyimbo. Ila tazameni ni vitu gani vinavyoufanya mchezo ubaki mchezo. Kuna mstari ambao shabiki havuki. Kuna refa ambaye pande zote mbili zimemkubali kabla mpira haujaanza, si baada ya penalti. Kuna saa, ili kila mtu ajue itaisha lini. Na kuna kugusana mikono mwishoni, hata kwa uso uliokunjwa. Kikikosekana kimoja kati ya hivyo, ahirisheni mechi. Mkono wa mdogo wangu ungekuwa umenyooka leo kama mtu mmoja angesema, "Leo hatuna refa, tusicheze."

Na juu ya Maluach, vijana warefu mnaonisikiliza, nawaomba mfurahi kwa kiasi. Alipata kipaji, akapata watu wa kumwona, akapata njia. Njia hiyo ni nyembamba. Na hata yeye: tarehe 5 Aprili, siku ileile Duke walipotolewa na Houston katika nusu fainali ya taifa, 70 kwa 67, serikali ya Marekani ilitangaza kufuta viza za wenye pasipoti za Sudan Kusini. Kumbe hata mtu wa mita mbili na zaidi hawezi kuruka juu ya karatasi. Namshukuru Mungu, mwezi wa Juni timu za ligi kubwa ya NBA zilipochagua vijana, aliitwa wa kumi. Chezeni kwa sababu kucheza kunawapa nguvu na marafiki. Msiuze daftari la shule kwa ajili ya mpira.

Mwisho. Usiku ule tulipokuwa tunarudi kwetu, hatua sita tu kutoka mlango hadi mlango, binti yangu aliniambia, "Papa, usifurahi sana. Kuna marudiano tarehe 8 Machi, kwetu Chapel Hill." Marudiano yakaja, Duke wakashinda tena, 82 kwa 69. Wakakutana mara ya tatu kwenye mashindano ya kanda yao, Duke tena, 74 kwa 71. Binti ameosha vyombo vya mzee mara tatu, na bado anavaa kofia yake. Anasema mwaka huwa na mwaka mwenzake.

Neno lake la marudiano limenikaa. Aliyefungwa kwenye mchezo hulala akijua ana siku nyingine. Tulikotoka sisi, waliofungwa hawakupewa marudiano. Ndiyo maana nimewasimulia basketi. Dada yangu, kama unasikiliza, masufuria utanunua mengine. Mzee wa mlango wa pili anakusalimu.



[Muziki unapanda kidogo, kisha unashuka]

MTANGAZAJI: Asante sana ndugu yetu wa Durham. Vikundi vya kusikiliza, haya ni maswali yenu ya leo. Moja: katika mechi za kambini kwenu, refa anachaguliwa na nani, na pande zote zinamkubali lini? Mbili: ukipokea sauti ya chuki kwenye simu, unafanya nini nayo kabla ya kumtumia mwingine? Tatu: kuna mlango gani wa jirani ambao hujawahi kuugonga? Jadilianeni bila haraka, na kila mtu apewe nafasi ya kusema, akina mama na vijana pia. Mpaka wakati mwingine, kaeni kwa amani.

[Muziki wa kipindi hadi mwisho]